Westbrook kaikataa milioni 3.5 ya Denver, Agosti inaisha hana timu. Nani atambeba?

Kocha wa Sofa (mwanzisha uzi), Agosti 2025

Wakuu, kwema?

Mwishoni mwa Juni Russell Westbrook, mchezeshaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alikuwa na hiari ya kubaki Denver msimu mmoja zaidi kwa kama dola milioni 3.5. Akaikataa. Soko likafunguliwa Juni 30, watu wakasaini, purukushani za Julai zikapita, na mpaka naandika hapa jamaa yuko nyumbani anafanya mazoezi peke yake. Huyu ni MVP wa 2017, yaani mchezaji bora wa msimu. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 31.6, rebaundi 10.7 na asisti 10.4. Leo hana hata jezi ya mazoezi.

Najua wengi mtasema kiburi kimemponza. Ngojeni kwanza tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa mchezaji mwenye misimu 10 au zaidi, kwa msimu huu wa 2025-26, ni dola milioni 3.63. Yaani ile hiari ya Denver ilikuwa NDOGO kuliko kima cha chini anachoweza kulipwa na timu yoyote ile. Kwa hiyo kuikataa hakukuwa wazimu. Alichokuwa anabahatisha ni kitu kimoja tu: kwamba atatokea mtu wa kumpa hicho kima cha chini, na akibahatika, lile fungu la milioni 5.7 wanaloruhusiwa kulitumia wenye kulipa kodi ya anasa (faini ya timu ambazo mishahara yake imezidi kiwango).

Fungu halikuja. Sasa na kima cha chini nacho kinasuasua.

Na hapa ndipo mimi natofautiana na wengi. Watu wanasema timu zinaogopa gharama. Gharama ipi? Mkongwe akisaini mwaka mmoja kwa kima cha chini, ligi yenyewe inairudishia timu sehemu ya mshahara. Kwenye vitabu vya timu anahesabiwa kama mchezaji wa miaka miwili, dola milioni 2.3 hivi. Kwa mtu aliyetoka kucheza mechi 75, pointi 13.3 na asisti 6.1 kwa mechi, hiyo ni bei ya bure. Ukiona kitu cha bure kimekaa dukani miezi miwili, ujue tatizo haliko kwenye bei.

Tatizo ni mpira. Westbrook akiingia uwanjani, mpira lazima uwe mkononi mwake, kwa sababu usipokuwa mkononi mwake mlinzi wake anamwacha na kwenda kujaza njia za wenzake. Ukimchukua, unakuwa umeamua timu yako itachezaje dakika 20 hadi 28 za kila mechi. Makocha wangapi wako tayari kwa hilo?

Karibuni tujadili. Matusi pembeni.

---

Benchi la Tatu

Nimeweka kambi hapa.

---

Mzee wa Takwimu

Mkuu umeanza vizuri ila ongezea hali ya soko lenyewe. Kiangazi hiki hakuna pesa. Timu iliyokuwa na nafasi ya maana chini ya kikomo cha mishahara ilikuwa Brooklyn peke yake. Kikomo ni milioni 154.6, na wengi walishakivuka kabla Julai haijaanza. Ukivuka kile kizingiti cha pili cha mishahara, kilicho karibu milioni 207.8, hata fungu la 5.7 unanyang'anywa, unabaki na kima cha chini tu.

Angalia vijana walivyokwama. Kuminga, Giddey, Cam Thomas, Grimes, hakuna aliyezidi miaka 25 na wote hawajasaini. Kama damu changa inasota hivyo, mzee anayegonga 37 mwezi Novemba atapita wapi? Al Horford mwenyewe, ambaye kila timu inamtaka, bado hajasaini.

Kwa hiyo tusimwonee. Sehemu ya hii ni foleni tu. Timu haziwezi kumalizana na watu wa kima cha chini mpaka zijue wale wakubwa wameishia wapi.

---

Dakika ya Mwisho

Foleni gani mzee wangu? Chris Paul ana miaka 40, alishasaini Clippers tangu Julai, kwa kima hicho hicho cha chini. Foleni mbona yeye haikumkuta?

Semeni ukweli. Chris Paul ukimwambia utacheza dakika 14, utampa pasi huyu na yule, utakaa, anaelewa. Huyu wenu ukimpa dakika 14 anataka azicheze kama fainali, zote 14, mpira kwake.

Mimi ni wa Denver na nimeumia, kwa hiyo msiniambie sijui. Aprili 1 mwaka huu dhidi ya Minnesota, nyota wetu Jokić kafunga pointi 61. SITINI NA MOJA. Na tripo dabo juu yake (pointi, rebaundi na asisti, zote kuanzia 10). Muda wa nyongeza wa pili, tunaongoza kwa pointi moja, Westbrook kapora mpira, anakimbia kumaliza mechi, kakosa kikapu cha mkononi kabisa. Wakarudi upande wa pili, akamchezea rafu Alexander-Walker akiwa anarusha mtupo wa tatu, saa imebaki sehemu ya kumi ya sekunde. Mitupo huru, mbili zikaingia, 140 kwa 139, tumelala. Mtu kafunga 61 halafu anaenda nyumbani na kipigo.

Nilizima runinga nikakaa gizani.

---

Kocha wa Sofa

@Dakika ya Mwisho pole sana mkuu, ile mechi hata mimi nisiye wa Denver niliumwa tumbo.

Lakini hebu irudie picha ile ile. Nani alipora mpira? Yeye. Mtu wa miaka 36, dakika ya 58 ya mechi, bado ana miguu ya kuupora na kumtangulia kila mtu mbele. Halafu akaharibu. Huyo ndiye Westbrook mzima mzima, kwenye sekunde 10 za mchezo. Huwezi kununua nusu moja ukaacha ile nyingine.

---

Dada Rebaundi

Kaka zangu mnaongea kana kwamba Denver hakuwasaidia. Alianza mechi 36 msimu ule, na si kwa sababu ya jina. Murray alipokuwa nje, Gordon alipokuwa nje, nani alibeba? Na yeye na Jokić walikuwa wanaelewana kwa namna ambayo wengi hatukuitarajia. Jokić anashika mpira juu ya mstari, Westbrook anakata kuelekea kikapuni, pasi inamkuta hewani. Ile kasoro ya kutorusha vizuri kutoka mbali Jokić aliificha, kwa sababu hakuhitaji Westbrook asimame kona akisubiri. Alihitaji akate tu.

Ndiyo maana mimi nashangaa aliondoka. Hakuna Jokić mwingine. Timu nyingine yoyote itamwambia simama kona, na akisimama kona amekwisha. Asilimia yake ya mitupo ya pointi 3 tangu aanze maisha ya ligi ni kama 30. Msimu uliopita ilipanda kidogo ikafika 32, na watu wakashangilia. Kwenye mechi za mtoano zile dhidi ya Oklahoma City walikuwa wanamwacha wazi makusudi, wanamwambia rusha. Mechi ya saba tukaona yalivyokwisha, 125 kwa 93.

Swali langu kwako Kocha: aliikataa Denver, au Denver walishamnong'oneza kwamba hawamtaki tena?

---

Kocha wa Sofa

Dada, hilo sina jibu la uhakika na sitalibuni. Ila tazama walichofanya baada ya pale. Wamemrudisha Bruce Brown, wamemleta Tim Hardaway Jr., wote kwa kima cha chini. Mmoja anakaba na kukata, mwingine anarusha kutoka mbali bila aibu. Ukiwajumlisha, ndicho kiti cha Westbrook kilichogawanywa vipande viwili.

---

Shabiki wa Zamani

Vijana, sisi tuliomwona Iverson tumeshaiona hii sinema.

Iverson, MVP wa 2001, alisaini Memphis mwaka 2009. Wakamwambia utatokea benchi. Alicheza mechi TATU. Tatu tu, akaondoka. Akarudi Philadelphia Desemba ile kwa kuaga, na mwaka uliofuata akawa Uturuki na Besiktas. Hakucheza tena ligi ile. Alikuwa bado anaweza kufunga pointi, ila kichwani bado alikuwa ndiye mwenye nyumba.

Sasa mlinganishe na Dwight Howard. Agosti 2019, baada ya mchezaji wao mrefu Cousins kuumia goti, Lakers walimpa mkataba usio na dhamana hata kidogo. Yaani angeweza kutemwa asubuhi yoyote bila senti ya ziada. Mtu aliyekuwa mlinzi bora wa ligi mara 3 mfululizo. Akakubali kudaka rebaundi, kuzuia, kunyamaza. Oktoba 2020 akavaa pete.

Au Derrick Rose, MVP wa 2011. Magoti yalikwisha, akakubali kuwa mtu wa benchi, na mwaka 2018 akiwa Minnesota kwa mshahara wa kima cha chini akafunga pointi 50 usiku mmoja, akalia uwanjani mbele ya watu.

Kati ya hawa, nani aliyeishi muda mrefu zaidi? Vince Carter. Misimu 22. Alianza 1998 akiruka juu ya vichwa vya watu, akamaliza 2020 akiwafundisha watoto wa Atlanta namna ya kukaa benchi. Hakuna aliyemlazimisha, alijua mwenyewe saa imegonga ngapi.

Westbrook yuko upande gani? Mimi naona yuko katikati, na ndiyo maana anasumbua kumpima.

---

Benchi la Tatu

Mzee umeua. Hapo kwa Howard nakazia.

---

Dakika ya Mwisho

Umemsahau Melo mzee, Carmelo Anthony.

---

Shabiki wa Zamani

Sijamsahau, nilikuwa namwachia nafasi yake maalumu.

Carmelo ndiye wa kufananisha na huyu. Alipofika Oklahoma City mwaka 2017 wakamuuliza habari ya kutokea benchi, akacheka mbele ya waandishi kama kaambiwa kichekesho. Mwaka uliofuata Houston wakamtumia mechi 10 wakamweka pembeni. Akakaa nje karibu mwaka mzima! Watu wakasema kaisha. Novemba 2019 Portland, majeruhi wamejaa, wakamchukua kwa mkataba usio na dhamana. Wiki mbili baada ya kugusa mpira akatajwa mchezaji bora wa wiki wa kanda ya Magharibi. Akaanza mechi zote 58 alizocheza msimu ule, pointi 15 kwa mechi.

Portland hawakumpenda kuliko wengine. Walikuwa na shimo tu, na yeye alikuwa na umbo la lile shimo.

---

Mzee wa Takwimu

Hapo sasa. Umbo la shimo. Basi tutafute shimo.

Ila kabla ya hapo niseme neno moja la kumtetea, kwa sababu naona mnasahau 2023. Watu husema Clippers walimlipa milioni 3.8 kwa sababu ndiyo thamani yake. Si kweli. Alikuwa ametoka Lakers, akapelekwa Utah Februari, Utah wakavunja naye mkataba, Clippers wakamsaini katikati ya msimu. Kwenye mtoano dhidi ya Phoenix, nyota wao Leonard alipoumia na George hayupo, alipiga wastani wa pointi 23.6. Lakini kwa sheria, kwa kuwa alikaa nao miezi michache tu, hawakuruhusiwa kumwongezea zaidi ya asilimia 20 juu ya kima cha chini. Angeweza kwenda kwingine kutafuta zaidi, akabaki. Na Harden alipokuja Novemba ile, Westbrook mwenyewe ndiye aliyependekeza atolewe kwenye watano wa kwanza.

Sasa huyo ndiye mnamwita Iverson?

Kiburi chake kiko kwenye namna anavyocheza, hakiko kwenye mahali anapokaa. Atakubali benchi. Kitakachomshinda ni kukubali kucheza polepole.

---

Dada Rebaundi

Mzee wa Takwimu hiyo sentensi ya mwisho naiweka kwenye fremu.

---

Dakika ya Mwisho

Sawa, nakubali kuhusu Clippers. Lakini mshahara wake wa Lakers mmesahau? Milioni 44 msimu wa 2021-22, timu ikashinda mechi 33 na kupoteza 49. Msimu uliofuata mshahara ukawa milioni 47. Jina lile lilivyochafuka pale halijasafishika mpaka leo. Meneja yeyote akimsaini anajua mechi ya kwanza akipoteza mipira 6 mitandao itawaka.

---

Mzee wa Takwimu

Lakers hawakuwa na wa kurusha pembeni yake, na walimpa mwili mmoja kazi ambayo LeBron tayari alikuwa anaifanya. Kosa la mnunuzi usimtwishe bidhaa.

Turudi kwenye shimo. Timu inayomfaa lazima iwe hivi: haina mchezeshaji wa kueleweka, ina nafasi kati ya zile 15 za wachezaji, na haina ndoto za ubingwa zitakazofanya kila mpira uliopotea uwe msiba. Ukichuja hivyo, jina langu ni Sacramento.

---

Benchi la Tatu

Sacramento si wamemchukua Schröder? Wameshamaliza.

---

Mzee wa Takwimu

Wamemchukua, miaka 3. Tena walimpeleka Valančiūnas huko huko Denver ili wapate nafasi ya kumlipa. Kwa hiyo kiti ambacho Westbrook alikuwa anakitolea macho kilikaliwa mapema Julai. Lakini nyuma ya Schröder kuna nani? Monk ni mfungaji. LaVine na DeRozan ni wafungaji. Sabonis anachezesha akiwa juu ya mstari, na hapo dada yetu ameshatueleza kwamba Westbrook anafanya vizuri na mtu mrefu anayejua kutoa pasi. Sabonis si Jokić, ila ni wa ukoo ule ule.

---

Dada Rebaundi

Kwa hilo nabadili niliyosema mwanzo. Sikumfikiria Sabonis.

Lakini LaVine, DeRozan, Schröder, Monk, na Westbrook juu? Mpira uko mmoja jamani. Nani atakaba?

---

Shabiki wa Zamani

Hakuna. Ila hilo halijawahi kuwazuia.

---

Dakika ya Mwisho

Mimi nasema aende nje tu. Iverson alikwenda Uturuki, Howard alikwenda Taiwan, wakapokewa kama wafalme. Huko mpira atakuwa nao dakika 40.

---

Kocha wa Sofa

Huko wanakwenda walioambiwa hapana na kila mtu. Huyu bado hajaambiwa hapana, kaambiwa subiri. Ni vitu viwili tofauti. Mwishoni mwa Septemba kambi zikifunguliwa mtu ataumia, kila mwaka anaumia mtu. Siombei mabaya, nasema kalenda ndivyo ilivyo. Timu zinakwenda kambini na watu mpaka 21, zinatakiwa kubaki na 15, na katikati pale kocha anagundua kijana aliyemtegemea hawezi kuvusha mpira nusu ya uwanja akibanwa. Simu zinaanza kupigwa.

Nampa mpaka wiki ya kwanza ya msimu. Mwaka mmoja, kima cha chini, timu isiyo na matumaini makubwa. Niwekeeni alama hapa mtakuja kunikumbusha.

---

Benchi la Tatu

Imewekwa.

---

Mzee wa Takwimu, mwishoni mwa Septemba

Kuamsha uzi kidogo. Lile gogo la Golden State limetoka, Kuminga kasaini, Horford kasaini nao. Foleni niliyosema ndiyo hiyo inasogea. Huyu wetu bado.

---

Dakika ya Mwisho

Kambi zimefunguliwa na hayupo. Nilikuwa nacheka, ila leo sicheki tena. Yule mtu tangu 2008 hajawahi kuikosa kambi. Hata mimi mwenye kidonda cha Minnesota nimemwonea huruma.

---

Dada Rebaundi

Ndiyo ukubwa huo kaka.

---

Benchi la Tatu, katikati ya Oktoba

WAKUU AMKENI. SACRAMENTO. Mwaka mmoja. Msimu unaanza wiki ijayo.

---

Kocha wa Sofa

Nilisema nini? Mpaka wiki ya kwanza ya msimu, na kasaini ikiwa imebaki wiki moja. Mzee wa Takwimu chukua maua yako kwa jina la timu, mimi nachukua ya tarehe.

---

Mzee wa Takwimu

Nimeyapokea. Ila ona gharama ya kungoja: zile milioni 3.6 angezipata Julai zingekuwa zile zile. Alichopoteza ni kambi nzima ya kuzoeana na Sabonis. Kwa mchezaji anayeishi kwa pasi za mtu mwingine, hiyo si hasara ndogo.

---

Shabiki wa Zamani

Na anaingia nyuma ya Schröder, au?

---

Mzee wa Takwimu

Kwenye karatasi, ndiyo.

---

Dakika ya Mwisho

Kwenye karatasi 😂 Mpeni wiki tatu. Ataanza yeye, na siku ya kwanza akipora mpira mwishoni mwa mechi akawa anakimbia peke yake kwenda kufunga, mnitafute, nitakuwa nimefumba macho.